Tarumbeta la Nyuzi Tatu

Siku hizi watu hunitumia picha. Mtu yuko Embu mjini, mwingine yuko Nairobi, amekuta tarumbeta kuukuu kwenye stoo ya babu yake, analipiga picha na simu na kuniandikia: mzee, hili ni la zamani kweli? Ni la mwaka gani? Simu yenyewe ni ya binti yangu, maana yangu ni ile ya kubonyeza, na yeye hunisogezea picha mbele ya miwani na kuniuliza amjibu mtu nini. Namwambia amwandikie alete chombo chenyewe. Picha haina uzito. Picha haina harufu. Picha huwezi kuipumulia.

Na kupumulia ndiyo kazi. Ukishika tarumbeta la zamani, pumua juu ya ua lake, yaani ule upande uliopanuka, kama unavyopumulia miwani kabla ya kuifuta. Kwa muda mfupi sana mvuke utakuonyesha mshono. Kama mshono una meno, kama misumeno miwili iliyong'atana, basi bati lilikunjwa na mtu kwa nyundo, na huyo mtu alikufa zamani. Kama hakuna mshono kabisa, mashine ilifanya, na huna haja ya kunisumbua. Kisha tazama vali ya kati, yaani kile kibomba cha katikati penye kifungo cha kubonyeza. Kwa yale ya Waingereza namba imegongwa hapo. Na pistoni zenyewe, zile zinazopanda na kushuka ndani ya vali, zina namba, moja, mbili, tatu, kila moja na nyumba yake. Ukiweka ya kwanza kwenye nyumba ya tatu, pumzi haipiti. Watu wameniletea chombo kutoka Chuka wakisema kimekufa, nami nimebadilisha pistoni mbili nikawarudishia kabla chai haijapoa.

Rangi pia inasema. Fedha iliyopakwa juu ya shaba ikizeeka huwa nyeusi, shaba ya manjano huwa kahawia. Lakini usimwambie hivyo mama wa kanisa. Kina mama wetu wakiona kitu cheusi wanaona aibu ya nyumba. Wiki moja kabla ya sherehe wanachukua majivu na waya wa kusugulia sufuria, na wanasugua tarumbeta mpaka moto wa jikoni uonekane ndani yake. Fedha yote inaenda na maji. Jina la fundi, mji wake, na nembo yake iliyochongwa kama ngao, vyote vinaenda. Nimepokea matarumbeta yanayong'aa kama sufuria za arusi, hayana tena la kusema.

Halafu kuna vile vitu vidogo. Kile kikombe cha kuwekea midomo, ambacho sisi tunakiita kinywa, kila aina ina unene wake chini, na ukikuta kimezungushiwa karatasi ya daftari ili kikae, jua hicho kiliolewa nyumba isiyo yake. Kuna kibano cha kushikia karatasi ya nyimbo. Nimekikuta Runyenjes kikianika soksi. Kuna ile koni ya kuziba sauti, ambayo mwalimu mmoja alikuwa akimiminia mafuta ya taa miaka yote, na aliponipa alisema samahani kwa harufu.

Nilifika darasa la tatu. Nasema mapema ili mtu asitafute sarufi hapa. Nilianza kwa karabai na stovu, nikiziba matundu kwa lehemu kwenye kibanda cha mabati hapa Nkubu, na siku moja bendi ya kanisa ikaniletea tarumbeta lililopasuka shingo. Nililiziba. Wakaleta la pili. Kutoka hapo mpaka leo, ukitoka Meru mpaka uvuke Embu uingie Mbeere, chombo cha kupuliza kikiumia kinaletwa kwangu. Hakuna aliyenifundisha. Nyumba yangu ya mawe imetoka hapo, na ada ya watoto wanne. Nilikuwa naliringia jambo hilo. Bado naliringia, ila vidole vimekuwa vigumu asubuhi, jicho la kushoto lina ukungu, na kuna siku mtu akibisha mlango na gunia begani natamani aseme amepotea njia.

Mama wa Kiambere hakuwa amepotea njia. Alikuja baada ya mavuno ya ndengu, siku ya mvua ya kwetu ile isiyonyesha wala kuacha, akiwa amevaa viatu vya jua. Umri wetu ni mmoja, au ananizidi kidogo. Aliketi kwenye benchi la wateja, akaweka chini gunia la nailoni na kando yake mfuko mdogo wa ndengu, wa kwangu, akasema hatakunywa chai kwanza.

Aliniambia kwamba mume wake alifariki mwaka uliopita, na kwamba mwezi unaofuata familia ingeweka msalaba kaburini. Mume alikuwa mpulizaji wa bendi ya kanisa upande wa Gachoka tangu ujana, wakati wa mapadre wa Kiitaliano. Padre mmoja alimpa tarumbeta kubwa la sauti nzito, akalipuliza kila Krismasi na kila Pasaka, hata baada ya wao kuhamia Kiambere. Meno ya mbele yalipomtoka akashindwa. Akalirudisha kanisani kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa lilikuwa la kanisa. Lakini kabla hajafa alimwomba mkewe kitu kimoja: siku ya msalaba, lile tarumbeta lake lipulizwe kaburini. Si bendi. Si lolote. Lile.

"Nilimwambia litapulizwa," akasema. "Alikuwa ameshika mkono wangu hapa. Ukimwambia mtu anayekufa neno, si ni lazima ulifanye?"

Nikasema ni lazima.

Akafungua gunia. Lilitoka tarumbeta la sauti nzito, la pistoni tatu, limesuguliwa mpaka basi. Wazee wa kanisa walikuwa wamelitoa stoo na kumkabidhi. Yeye alilitazama akawaambia la mume wake halikuwa na vifungo vya kubonyeza juu namna hiyo. La mume wake lilikuwa na nyuzi. Tatu. Uzi ukikatika alikuwa akitumwa yeye kwa wavuvi wa bwawani kuomba kipande cha uzi wa nyavu, na mume alikuwa akiufunga akiwa ameketi mlangoni, ulimi umetoka pembeni kama mtoto anayeandika. Wazee wa kanisa walimwambia usijali mama, ni hilo hilo. Fundi wa Nkubu alilitengeneza zamani, akaondoa zile nyuzi akaweka vifungo. Kama una shaka, nenda ukamuulize mwenyewe.

"Sasa nimekuja nikuulize mwenyewe," akasema. "Ulizitoa nyuzi, ukaweka hivi vifungo?"

Nililishika tarumbeta. Sikuhitaji kupumua wala kutafuta namba. Juu ya vile vifungo vitatu kulikuwa na senti kumi za zamani, zile zenye tundu katikati, nilizozichomelea mimi kwa sababu vifuniko vya asili vilikuwa vimepotea. Nimefanya hivyo kwa vyombo vingi, ni kama sahihi yangu. Nililijua, nikajua limetoka gunia gani, na nikajua kilichokuwa ndani ya gunia lile pamoja nalo.

Nilinyamaza. Wacha niseme ukweli wa ule unyamavu. Nilikuwa nimechoka, na yeye alikuwa amechoka kuliko mimi. Alikuwa ametoka kwake nyota zikiwa juu. Neno lililohitajika lilikuwa moja: ndiyo. Angelifunga gunia, angekunywa chai, angerudi Kiambere na amani, na hakuna mtu hata mmoja kati ya Meru na Embu ambaye angeweza kunikosoa, kwa kuwa mtu wa kukosoa mambo hayo ni mimi.

Zaidi ya miaka ishirini nyuma, kanisa lao lilisafisha stoo na kuniletea matarumbeta sita kwenye gunia moja. Matatu yalitengenezeka. Nilipowaambia hivyo, kabla sijaanza kazi, wakaniambia yale mengine nikae nayo, yanisaidie kwa vipuri. Kati ya hayo matatu yaliyobaki lilikuwepo moja jeusi, mdomo umejipinda, na lilikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona maishani. Halikuwa na pistoni. Lilikuwa na vidude vitatu vya duara kama vifuniko vya soda, na vijiti vya kubonyeza pembeni, na kutoka kijiti mpaka kidude kulikuwa na uzi. Uzi wa nyavu, wa rangi ya kijani kibichi iliyopauka, umezungushwa na kufungwa fundo.

Nilicheka. Kibandani kulikuwa na watu, nikalinyanyua wote waone. Nikasema, huyu wa Mbeere amefunga tarumbeta kama mbuzi. Wakacheka. Mimi niliamini mtu fulani asiyejua kitu aliharibikiwa na pistoni, akatafuta mabomba na kamba akajiundia uchafu wake. Niliwaza hivyo kwa sababu kila tarumbeta nililokuwa nimeliona lilikuwa la Waingereza, na kwa akili yangu ambacho sikuwa nimekiona hakikuwa kitu. Sikupumua juu ya ua lake. Sikutafuta jina chini ya ule weusi. Nilikata.

Na lilikuwa na bati zuri. Shaba yake ilikuwa nyekundu zaidi, laini, inakunjika kama ngozi, haipasuki ukiipasha moto. Nilipolikata ua lake niliona mshono wa meno, nikaona, wallahi niliona, na nikaendelea kukata, kwa kuwa msumeno ulikuwa tayari katikati na watu walikuwa wameshacheka. Bati lile lilinitosha viraka kwa miaka. Kila chombo kilicholetwa kimetoboka nilikata kipande kutoka pale. Na hadithi ya tarumbeta la mbuzi niliendelea kuisimulia. Nikienda kanisa fulani Embu kuwarekebishia vyombo, wakati wa chai wangeniambia, mzee, tupe ile ya mbuzi, nami ningewapa.

Niliacha kuisimulia siku mwalimu mmoja wa muziki, wa sekondari ya karibu na hapa, aliponionyesha kwenye simu yake bendi ya huko ng'ambo. Alitaka niangalie kitu kingine, aina fulani ya ngoma. Mimi nikaona mtu wa safu ya mbele ameshika chombo cheusi chenye vidude vya duara, na kutoka vijiti mpaka vidude, nyuzi. Nikamuuliza mwalimu hizo kamba ni za nini. Akasema ndivyo zinavyotoka kiwandani, mzee. Za Waitaliano na Wajerumani nyingi ni hivyo, vali inazunguka, uzi ndio unaoivuta, na uzi ukiisha unaweka mwingine. Akasema kama jambo dogo. Nikasema aa, sawa. Nikamaliza chai yangu. Sikumwambia mtu yeyote kuanzia siku hiyo, hata mke wangu alipokuwa hai.

Kwa hiyo mama alipokuwa ameketi mbele yangu, akingoja, nilikuwa na mambo mawili ya kumwambia na yote yalikuwa mabaya.

"Mama," nikasema, "hili si la mzee wako."

Akaondoa mkono kwenye gunia.

"Lake lilifika hapa. Nililikata."

"Ulilikata vipi?"

"Kwa msumeno. Nilidhani ni takataka. Sikujua ni aina gani. Lilikuwa chombo kizima cha heshima, na mzee wako ndiye aliyekuwa akijua kazi yake. Mimi ndiye sikuwa najua."

Mvua ilikuwa ikigonga mabati kidogo kidogo. Halafu akauliza, bila kupandisha sauti, "Nyama ilienda wapi?"

Ndivyo alivyosema. Kama mtu anayeuliza kuhusu ng'ombe wake aliyechinjwa na jirani. Nikamwambia ilienda viraka. Nikamhesabia makanisa niliyoyakumbuka, hili na lile, juu huku na chini kule. Nikamwambia kama angeweza kusimama angani Jumapili asubuhi angelisikia tarumbeta la mume wake kwa vipande, kidogo Meru, kidogo Embu. Nilidhani hilo lingemfariji. Akaniambia yeye haishi angani.

Nikainuka, magoti yakalia. Juu ya rafu, nyuma ya mikebe ya misumari, kuna mkebe wa maziwa ya unga ambao nilikuwa sijaushusha tangu siku ya yule mwalimu. Ndani yake niliweka zile vali. Siku nilipolikata sikuwa na kazi nazo, lakini sikuzitupa, kwa kuwa mimi situpi kitu. Baada ya yule mwalimu sikuzitupa kwa sababu nyingine. Nilizitoa, zimeshikamana zote tatu kwenye fremu yao, kiasi cha kujaa viganja viwili, nikamwekea mapajani.

Alizigeuza. Nyuzi mbili zilikuwa nzima, wa tatu ulikuwa umekatika. Akabonyeza kijiti cha kwanza. Kile kidude kikazunguka na kurudi, taratibu, kwa sauti ndogo kama mtu anayemeza mate. Nilishangaa. Miaka yote hiyo, bila tone la mafuta.

Akapitisha ukucha juu ya fundo. "Hili ni lake," akasema. "Mbuzi wetu wote walifungwa hivi."

Sikuthubutu kumtazama. Sijui kama alikuwa amewahi kuisikia ile hadithi yangu. Sikumuuliza na sitamuuliza.

Ndipo nikakumbuka jambo. Nililichukua lile tarumbeta la pistoni alilokuja nalo, nikalipeleka mlangoni penye mwanga, nikaligeuza. Kwenye tumbo lake, pale mkono wa kushoto unapokumbatia, kulikuwa na kiraka changu, cha ukubwa wa jani la mhogo lililokunjwa. Waliolisugua walikuwa wamekisawazisha, kwa macho hakionekani haraka. Nilipumua juu yake. Mstari ukatokea, na ndani ya mstari shaba ilikuwa nyekundu zaidi. Nikamwita aje. Nikapumua tena, akaona. Nikamwambia hicho kipande ni cha lile lake. Kilikuwa kiraka cha kwanza kabisa nilichokata, kwa kuwa niliwatengenezea hayo matatu kwa pamoja na walikuwa wananiharakisha.

Akaweka kiganja juu ya kile kiraka, akakaa hivyo.

"Kwa hiyo yumo humu kidogo."

"Kidogo," nikasema. "Sitakudanganya. Ni kidogo."

"Nilimwambia ni lile."

"Najua."

Akarudi benchini. Sasa akaitisha chai, akainywa yote, na mimi nilikuwa nimesimama kama mtu wa kortini kwenye kibanda changu mwenyewe. Alipomaliza akasema hivi. Kwamba litapulizwa hilo, kwa kuwa lingine halipo na kipande kipo. Lakini kwamba watu wa kanisa wamekwisha kutangaza ni lile lake, na yeye hatasimama kaburini kwa mume wake juu ya uongo. Kwa hiyo nitakuja Kiambere siku hiyo, nisimame mimi, niseme nilichofanya, kama nilivyomwambia yeye.

"Kwa mdomo wako," akasema. "Si kwa barua."

Nikamwambia mimi na barua hatujawahi kujuana sana. Hakucheka.

Nilienda. Binti yangu alitaka kunisindikiza nikamkataza. Kiambere ni mbali kwa magoti yangu, na joto lake ni la kuingia kwa mlango bila kubisha. Msalaba ulikuwa wa saruji, umepakwa rangi nyeupe, ungali na unyevu. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotaka. Baada ya sala katekista akasema kuna mgeni kutoka Nkubu, fundi wa vyombo, ana neno.

Nilisema. Sikurefusha. Nilisema tarumbeta la marehemu nililikata kwa ujinga, kwamba nyuzi zake zilikuwa sawa na mikono yake ilikuwa sawa, kwamba hili lililopo ni la ndugu yake wa bendi, na kwamba lina kiraka chake. Nikawaonyesha kiraka kiko wapi. Wengine hawakuelewa, nikaona mama mmoja akimuuliza mwenzake kwani ni nini kimeibiwa.

Mzee mmoja wa safu ya mbele, mwenye kofia, akainua fimbo yake kidogo. "Si wewe uliyetuchekesha Embu?" akauliza. "Ile ya tarumbeta la mbuzi?"

"Ni mimi."

"Kumbe mbuzi alikuwa huyu wetu."

"Kumbe," nikasema.

Wakacheka, si wote, na si kwa ubaya. Lakini kwa miaka yote niliyochekesha watu sijawahi kusikia kicheko kirefu namna hiyo. Nilitazama msalaba. Nilikuwa nimeona jinsi rangi ilivyochuruzika upande mmoja, nikaishughulisha akili yangu na hilo mpaka kicheko kikaisha.

Kisha mama mmoja wa bendi, mwalimu wa shule ya msingi, mnene, mwenye mapafu, akalikumbatia tarumbeta na kupuliza wimbo mmoja wa kanisa, polepole. Najua kiraka kinavyofanya. Kwenye noti za chini kinatetemeka kidogo, sauti inakuwa na kitu kama mchanga ndani yake. Kwa kawaida mteja akinilalamikia hilo namwambia ni sikio lake. Siku hiyo niliusikia ule mchanga kila noti ya chini ilipokuja. Mjane alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Sijui yeye alisikia nini.

Tulipokwisha kula alinipeleka nyumbani kwake. Ukutani, juu ya kiti, kulikuwa na msumari mkubwa wa paa, na chini ya msumari ukuta ulikuwa na doa la duara pale ua la tarumbeta lilipokuwa likiegemea miaka yote. Vali zilikuwa mezani juu ya kitambaa cha kufuma. Aliniambia anataka kuzitundika pale. Lakini si zikiwa na uzi uliokatika. Akatoa kwenye droo kipande cha uzi wa nyavu, kipya, kijani, umezungushwa kwenye kijiti. Alikuwa ameenda mwenyewe kwa wavuvi.

Nikamwambia mama, hizi hazitapulizwa tena. Uzi hautavuta kitu.

"Nani amekuuliza kama zitapulizwa?" akasema. "Nimekwambia ufunge uzi. Ufungwe kama hizi mbili."

Basi ziko hapa sasa, kwenye meza yangu ya kazi, juu ya gazeti. Ni wiki ya tatu. Kuna tarumbeta la watu wa Mitunguu linangoja na mwenyewe amepiga simu mara mbili. Nimezisafisha vali kwa mafuta mepesi na brashi ya meno. Chini ya weusi, kwenye fremu, limetokea jina la mtu na la mji, maandishi madogo ya kuinama. Binti yangu amenisomea. Sikulijua, na nilikuwa nalo mkononi miaka ishirini.

Shida ni fundo. Si fundo ninalolijua. Linaingia chini ya skrubu, linazunguka kidude mara moja na nusu, linarudi juu ya lenyewe na kupotelea mahali ambapo jicho langu zuri halifiki na jicho langu baya halijaribu. Nimelijaribu kwa kamba ya kiatu. Nimelijaribu kwa uzi wake alionipa, nikapoteza shubiri nzima. Likiwa legelege linafanana, nikivuta linateleza. Binti yangu amesema, baba, si ufungue moja tu uone linavyokwenda, halafu ulirudishie.

Mafundo yake yamebaki mawili. Nikifungua moja nikashindwa kulirudisha, litabaki moja.

Nimesogeza meza mpaka dirishani. Asubuhi, kabla mikono haijawa na joto la kutosha kushika chuma cha lehemu, nakaa na kioo cha kukuzia na kuyaangalia tu.